Babu kwenye Picha ya Duka la Kona

Mbotela, Jumapili

Kaka Mwangangi,

Huko Doha hujambo? Mimi furaha imeninyima usingizi! Nimepata picha ya duka la ghorofa lililokuwa kwenye kona Mombasa, miaka ya 1890. Babu yake Baba yuko pale akichonga mlango, jina lake limeandikwa nyuma ya picha. Na tezo ameishika kwa mkono wa kushoto, kama wewe! Baba, aliyekufukuza karakanani kwa sababu ya mkono huo, ameitazama akalia. "Kumbe ni damu yetu. Mwambie arudi."

Ila maandishi ya juu ya duka yalikuwa yanasomeka kinyumenyume. Picha ilichapwa ikiwa imegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Nimeyakata kwa makasi kabla Baba hajavaa miwani.

Wewe njoo tu, na mkono wako.

Dadako,
Kamene