Nimezifunga Makala Ili Aendelee Kuniandikia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana jambo lenyewe nikilitamka kwa sauti hata mimi naona haya. Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu, mwanamke wa makamo, sijaolewa na sina mtoto, na kazi yangu ni kutunza hazina ya mtandaoni ya chuo, yaani ile sehemu ambako wahadhiri huweka makala zao za utafiti ili mtu yeyote popote alipo, awe mwanafunzi, awe mkulima, awe nani, azisome bure bila kuulizwa kitambulisho. Wahadhiri wenyewe huwa hawaweki, wanaahidi tu, "Dada, kesho nakutumia," na hiyo kesho nimeisubiri mpaka nimeota mvi, kwa hiyo mimi ndiye huwakumbusha, huwabembeleza, huwavizia kwenye ngazi, kisha nikilipata faili nalipakia, naandika kichwa cha makala na majina ya waandishi na muhtasari, nabonyeza, basi, na hakuna anayesema ahsante.

Ofisi yangu iko chini kabisa ya maktaba, chumba ambacho zamani kilikuwa cha magazeti na mpaka leo kinanuka magazeti. Tulikuwa wawili, mwenzangu akahamishiwa kitengo cha usajili, meza yake ikabaki, nami nimeweka kikombe pale ili isionekane tupu. Watu hawateremki tena huku maana kila kitu wanakipata kwenye simu zao, na hapo ndipo penyewe, mshauri, kwamba nikiifanya kazi yangu vizuri hakuna anayehitaji kuniona. Kuna siku natoka kazini nagundua kwamba neno pekee nililotamka tangu asubuhi ni "salama" kwa mlinzi wa getini. Nyumbani nako ni chumba na sebule, redio, na dada yangu ambaye hunipigia pale tu mtoto wake anapohitaji kitu.

Sasa nikueleze nilichofanya. Kuna makala ambazo haturuhusiwi kuzifungua mara moja, kwa sababu jarida lililozichapisha linataka zikae zimefungwa kwanza, mwaka mmoja hivi, na tarehe ya kufunguliwa huandikwa pale pale kwenye ukurasa wa makala. Katika muda huo msomaji anaona muhtasari tu, na chini yake kuna kitufe cha kuomba nakala, akikibonyeza anaandika yeye ni nani na anaitakia nini, na ombi linamwendea mwandishi. Mhadhiri mmoja wa lishe, mtu wa safari nyingi, aliniambia maombi yake yote niyajibu mimi, "Wewe watumie tu, usinisumbue." Ana makala kadhaa kuhusu watoto wanaozaliwa na uzito mdogo na namna ya kuwalisha.

Siku moja likaja ombi kutoka kwa muuguzi wa zahanati iliyo mbali sana na hapa. Kwenye nafasi ya sababu watu huandika "utafiti" au "masomo" wakapita, lakini yeye aliandika kama anayezungumza, kwamba yeye ndiye anayepima watoto uzito, kwamba akina mama wamembatiza Mama Mizani, na kwamba ana mapacha pale, mmoja anaongezeka na mwenzake haongezeki, naye amechoka kumwambia mama yao "tutaona". Nilimtumia makala siku ile ile, na mwishoni, sijui nilipatwa na nini, nikaongeza, "Pole na kazi. Na yule pacha anaendeleaje?" Akajibu. Akaniita dada. Akasema mtoto amepanda kidogo, kidogo tu, lakini mama yake alicheka mizani ilipotulia. Mshauri, nililia pale mezani kwa furaha, mimi ambaye mtoto huyo hata sura yake siijui.

Ikawa hivyo. Anaomba makala, namtumia, tunaongea mawili matatu, kuhusu miguu yake inayovimba kwa kusimama, kuhusu mimi kushindwa kupika chakula cha mtu mmoja, kila nikipika kinabaki, naye ananitania kwamba nimwekee sahani anakuja. Kisha kimya mpaka aombe nyingine. Nikaona kwamba bila ombi hana neno la kuniandikia, nami sina kisingizio cha kumwandikia, kwa hiyo nikawa namtumia moja moja hata akiomba mbili, nasema ya pili bado naitafuta, na kumbe iko mbele ya macho yangu. Halafu muda wa kufungwa ukaisha. Nilitakiwa kuondoa alama moja tu na makala zote za lishe zingefunguka, kila mtu asome. Niliweka mkono kwenye kipanya, nikawaza, nikizifungua hizi Mama Mizani atazikuta mwenyewe, atazisoma zote kwa mkupuo, na hatakuwa na haja nami tena. Nikasogeza tarehe mbele. Ilipokaribia, nikaisogeza tena.

Wiki iliyopita aliniandikia hivi: "Dada yangu, samahani kwa usumbufu. Wenzangu wa zahanati za jirani wanazitaka hizi makala. Nimewaambia wabonyeze waombe, wanaona aibu, wanasema sisi ni nani tumsumbue mtu wa chuo kikuu. Halafu nikuulize, hapa mwanzo si paliandikwa zitafunguliwa mwezi wa tatu? Sasa hivi naona mwezi wa kumi na mbili. Au ni macho yangu? Nazeeka jamani."

Sijamjibu. Kila nikifungua kompyuta naiona ile barua na nafungua kitu kingine haraka. Nimefikiria kumwambia jarida ndilo limeongeza muda, na hakuna atakayejua, mhadhiri mwenyewe hakumbuki hata ana makala ngapi. Nimefikiria pia kuzifungua kimya kimya na kujikausha kama si mimi. Lakini nikizifungua nampoteza, na nikimwambia ukweli nampoteza na aibu juu yake. Roho inanisuta, mshauri, chakula hakipiti, na mtu pekee duniani ambaye ningemweleza jambo kama hili ni yeye. Nifanye nini?

Ni mimi, wa chumba cha chini.

*

Wa chumba cha chini,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani kuja huko kukutingisha mabega. Nianze na la mabega, tulimalize.

Dada, umepewa mlango uwafungulie watu, wewe ukauegemea kwa ndani. Unajieleza kama mtu aliyechelewa kujibu salamu, na hilo silo ulilofanya. Umemhesabu Mama Mizani peke yake kwa sababu ndiye aliyebonyeza. Na hao wanaoona aibu? Na wale waliofika kwenye ukurasa, wakaona makala imefungwa mpaka mwezi wa kumi na mbili, wakazima simu na kurudi kwa mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto wake, wakamwambia "tutaona"? Hao hawatakuandikia, na hutawajua kamwe. Sisemi kuna mtoto aliyedhurika. Sijui, na wewe hujui, na huko kutojua ndiko kungepaswa kukuzuia kula, si hofu ya kuachwa.

Na lile wazo la kulisingizia jarida litoe kichwani leo hii. Majarida yana makosa yao ya kutosha, usiyatwishe na lako. Huyo muuguzi anasoma mizani kila siku ya Mungu. Anajua namba inaposogezwa. Alipokuuliza kama ni macho yake alikuwa anakupa nafasi ya kusema, nawe umemwacha wiki nzima ajidhanie anazeeka.

Basi, nimemaliza kugomba. Sasa vuta kiti.

Umeniandikia maelezo marefu kuhusu jinsi makala inavyofungwa na jinsi inavyofunguliwa, na dada yako wa tumbo moja umempa nusu sentensi. Upweke wako umeupitia mbiombio kana kwamba unanionyesha nyumba na hutaki nione chumba fulani. Nimekiona. Wewe ni mwanamke mzima, una kazi yako na ufunguo wa nyumba yako, na unadhani ukimwambia mtu "nimekuzoea, nipigie hata bila sababu" utaonekana ombaomba. Kwa hiyo ukatafuta mbinu ya kumfanya yeye ndiye akuombe. Hukupanga ubaya, naamini hivyo. Lakini mtu unayempiga danadana ili asiondoke humfanyi rafiki, unamweka foleni.

Usidhani nakusemea kutoka juu ya mlima. Mimi naandikiwa kila wiki, na nikijidanganya kidogo naweza kuamini nina marafiki gazeti zima. Watu huniandikia wakiwa wamebanwa. Mambo yakiwanyookea hawaandiki tena, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nimejifunza kuufurahia ukimya wao, ingawa zipo asubuhi, nakwambia kweli, nafungua bahasha nikitumaini humo ndani kuna mtu ananisalimia tu. Kwa hiyo nakuelewa kuliko ungependa nikuelewe.

Sasa fanya hivi. Kesho ukifika kazini, kabla ya chai, kabla ya kumjibu mtu yeyote, zifungue zote. Usianze na moja ukijipima. Kisha panda ngazi uende kwa mkuu wa maktaba, umwambie kwa mdomo wako kwamba tarehe zilisogezwa na aliyezisogeza ni wewe. Usimwandikie ujumbe, nenda na miguu yako. Atakugombeza, pengine atakupa onyo, utalipokea, na angalau siku hiyo utakuwa umezungumza na binadamu. Mhadhiri wako wa safari naye mpe taarifa, hata kama ataisoma akiwa uwanja wa ndege na kuisahau kabla ya kupanda.

Ukishatoka kwa mkuu, mwandikie Mama Mizani. Usiandike kwa jina la chuo. Mwambie macho yake ni mazima. Mwambie tarehe uliisogeza wewe, na sababu yake, kwa maneno machache, bila kujiliza ili akuonee huruma. Mwambie wenzake waingie wasome, hakuna wa kumwomba wala wa kumsumbua. Omba radhi mara moja, mara moja inatosha. Mwandikie namba yako ya simu hapo chini. Na usimalizie kwa swali. Najua mkono utakuwasha umuulize habari ya yule pacha, uuzuie, kwa sababu swali lako litamlazimisha ajibu na wewe umeshamlazimisha vya kutosha.

Anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza kunyamaza. Akinyamaza utaumia, sitakudanganya, na hutamfuata. Utampigia dada yako kabla mtoto wake hajahitaji kitu, akuulize "kuna nini?" umjibu "hakuna, nilitaka kukusikia," na mtababaika wote wawili, mara ya kwanza huwa hivyo. Utakwenda pia kule usajili ukamtafute yule mwenzako uliyekaa naye chumba kimoja miaka yote hiyo. Amehama kitengo tu, hajavuka bahari.

Lakini akikuandikia, dada, hata kama ni kukugombeza, hata kama ni neno moja tu, lisome polepole. Makala zote atakuwa nazo. Hakutabaki kitu cha kukuomba. Atakuwa amekuandikia wewe.