Uvimbe Unaoota Pacha

Daegu, tarehe 9 Desemba

Kwako dada yangu Geum-ok,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na shemeji na huyo mtukutu wenu aliyeanza kutambaa. Kikohozi chake kimekwisha? Mimi sijambo, ingawa mkono wa kulia nikiuinua juu ya bega, kifua kinalalamika. Kimchi cha kabichi ulichotuma kimefika. Mama amekisifu, kisha akasema chumvi umeibania kama mama mkwe wako.

Umeuliza habari za upasuaji. Nilijiandaa kwa maumivu, lakini kilichonishinda ni unyonge. Nilizinduka nina mirija miwili ubavuni, inadondosha damu kwenye vichupa. Wiki mbili nililala chali, mito kila upande, na wiki sita sikuivua sidiria ngumu waliyonivisha ila kwa kuoga. Kuosha nywele zangu sikuweza, mimi ninayeosha za watu saluni mwaka wa kumi na mbili huu. Mama ndiye aliyeziosha. Chuchu ya kushoto hadi leo haihisi kitu. Daktari anasema hisia huenda zikarudi, huenda zisirudi, na nikija kuzaa nisitegemee sana maziwa.

Barua yako ilikuwa kali. Umeuliza nina moyo gani, namtazama mama, mwanamke wa miaka sitini na minane, magoti mabovu, akisujudu mbele ya sanamu ya Buddha mara mia na nane kila alfajiri, nami simzuii. Nimemsihi, dada. Aliweka nadhiri siku nilipolazwa: siku mia, ili uvimbe usiniue. Aliniambia ninyamaze, magoti ni yake na binti ni wake. Sasa ngazi anazishuka kinyumenyume.

Keti kwanza, dada. Hapakuwa na uvimbe. Nilikwenda kupunguza matiti, basi. Mikanda ya sidiria ilikuwa imenichimba mabega, mgongo ukiniwaka kila jioni, na wateja wakicheka kwamba kifua changu hufika kazini kabla yangu. Lakini unamjua mama. Miaka thelathini akisugua migongo ya wanawake kwenye bafu la umma, kila aliyemwona na kovu la namna hiyo alikuja kutusimulia: mwili umepewa na wazazi, nani kakutuma uukate? Niliogopa. Nikatafuta neno ambalo hata yeye asingelibishia.

Siku ya arobaini na tatu alinifuata bafuni na kitambaa chake cha kusugulia. Alinisugua mgongo mzima, kisha akanigeuza. Akayaona makovu, kushoto na kulia, yanafanana kabisa. Akasema, "Uvimbe gani huo, mwanangu, unaoota pacha?" Akanimwagia maji, akaenda kupika supu ya mwani, kama anayempikia mzazi.

Nilidhani ataacha. Kesho yake aliamka vilevile. Nikamuuliza sasa anasujudu kwa ajili ya nini. Alijibu kwamba mwanzoni aliomba nisife, sasa hajui aombe nini, ila siku mia hazijatimia.

Leo ni ya sabini na moja. Nilipiga magoti kando yake. Nilipofika sijda ya kumi na saba kifua kilinikataa, nikabaki nimelala mkekani nalia. Mama hakugeuka. Aliendelea kuhesabu.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto. Ukipata nafasi njoo Jumamosi, useme naye wewe. Mimi nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako,
Mi-ryeong