Kanola ya Ghala la Saba

Kalyna Siding, 9 Septemba 2016

Shemeji Bohdan,

U hali gani huko, na mgongo je? Sisi wazima, ila magoti yangu siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Mke wangu Larysa anakusalimu, anauliza kama samaki wa ziwani wameshakufundisha kupika.

Ulipostaafu ukahamia Ziwa Halvorsen, kusiko na simu wala intaneti, tulisema hutamaliza majira ya baridi. Umemaliza matatu. Fundi wa mitandao mzima! Kama mwoka mikate aliyekimbia unga.

Sasa shida yangu. Kampuni imejenga ghala la saba. Vipimajoto vimeshawekwa ndani, waya umefika kwenye kabati la swichi ya mtandao, lakini swichi haiupokei mpaka mtu aingie kwenye mipangilio yake aufungulie njia. Neno la siri unalo wewe peke yako. Meneja Doreen amenikabidhi mimi jambo hili, mpima malori, eti kwa kuwa dada yangu Olena alikuwa mkeo, basi ujuzi wako umeniambukiza kama mafua.

Mvua haikatiki, na kanola, hizi mbegu za mafuta, inavunwa mbichi. Unaijua: ikirundikwa na unyevu wake, inajipasha moto chini kwa chini mpaka iwake. Bila vipimajoto, ghala la saba litatuunguzia nafaka ya watu huku tunalitazama. Niandikie hilo neno.

Shemeji yako,
Marvin


Ziwa Halvorsen, 16 Septemba

Shemeji Marvin,

Nimeipokea salamu yako nikiwa salama. Mgongo unanung'unika, lakini kwa adabu. Mwambie Larysa samaki wananivumilia.

Ukungu wa hapa ukitanda, ziwa na mbingu vinakuwa kitu kimoja, nami nakaa kizingitini sijui niko juu au chini. Barua yako ilinikuta humo. Nilidhani mwenye ndege ya posta ametokea usingizini mwangu.

Neno sikupi. Usinune. Swichi si yangu wala yako, ni ya kampuni. Doreen aandike na kutia sahihi, nitampelekea yeye.

Na jambo moja: kile kitufe kidogo cha mbele mtu asikibonyeze wakati wa kuwasha umeme. Niliziba njia hiyo ili wezi wasiitumie. Kikibonyezwa, swichi itasahau kila kitu, na maghala yote saba yatakuwa gizani.

Shemeji yako,
Bohdan


Kalyna Siding, 22 Septemba

Shemeji,

Habari za ukungu? Hapa tope tu, na afya njema juu ya tope.

Barua ya Doreen hii hapa. Alicheka, akakasirika, akatia sahihi. "Huyu shemeji yako," akasema, "angekuwa bawabu wa peponi, mitume wangelala nje."

Maghala sita yamejaa. Malori yamepanga foleni mpaka kanisani, kwa hiyo kanola imemiminwa kwenye la saba, liwalo na liwe. Mimi napanda juu na fimbo ndefu ya kupimia joto. Unajua ninavyoogopa kwenda juu. Huwa nafumba macho, naimba za kanisani, na madereva wa malori wanaitikia kwa sauti ya pili. Fimbo yenyewe haifiki chini. Inaniambia habari za juu tu, na juu kuna uvuguvugu.

Shemeji yako,
Marvin


Ziwa Halvorsen, 29 Septemba

Shemeji,

Nimefurahi kusikia mnapumua. Bahasha ya ndani ni ya Doreen, aifungue mwenyewe. Humo mna jina la kuingilia na neno la siri. Akishaingia abadilishe vyote viwili.

Imba sauti ya chini, ya juu huiwezi.

Shemeji yako,
Bohdan


Kalyna Siding, 6 Oktoba

Bohdan,

Natumai hujambo. Mimi sijambo sana.

Neno limekataliwa. Doreen aliandika herufi kwa herufi, nami nikasoma nyuma ya bega lake. Swichi ikajibu hapana. Tukarudia, hapana.

"Marvin," Doreen akaniambia, "huyu mtu ametufungia nje ya nyumba yetu wenyewe, na sasa anatuchezea."

"Bohdan hachezi," nikasema. "Hata karata hachezi."

"Basi mwambie swichi."

Nimekutetea mpaka mate yamekauka. Lakini nikiwa peke yangu pale kabatini, nikitazama zile taa za kijani zikikonyeza, nilijiuliza kama ni kweli. Nakuambia kwa sababu nisipokuambia nitalala nalo.

Fimbo sasa inatoka ya moto, na hewa juu ya ghala inanuka kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Kuitoa kanola yote tuikaushe upya hatuwezi, pa kuiweka hapana. Tungejua moto uko upande gani, tungetoa huo tu. Doreen ameita mafundi wa mjini waje tarehe kumi na saba wabonyeze kitufe, waanze upya. Nimemwambia onyo lako. Akasema giza la saba lipo tayari.

Marvin


Ziwa Halvorsen, 11 Oktoba

Shemeji Marvin,

Uwe mzima mpaka karatasi hii ikufikie. Nimemwomba mwenye ndege aitangulize mbele ya mifuko yote.

Neno ni sahihi. Mjinga ni mimi. Swichi haiamui yenyewe: mtu akigonga, inauliza kwanza ile mashine ya kampuni inayotunza majina, kule mjini Regina, "Huyu mnamjua?" Siku ya kuondoka nilijifuta jina Regina kwa mkono wangu, nikaona huo ndio uungwana, wala sikuandika jina la mtu mwingine. Kama mtu aliyevuta mlango nyuma yake, funguo ziko mezani. Regina haijui mtu yeyote, na kila mtu akigonga inajibu hapana.

Ila ikikosa kusikia sauti ya Regina, swichi hujitafutia jibu kichwani mwake, na huko lile neno lipo. Chomoeni waya wa manjano uendao Regina, wa kwanza kulia. Andikeni jina na neno, kisha msiguse kitu. Itakaa kimya muda mrefu. Iacheni ijue kwamba iko peke yake.

Shemeji yako,
Bohdan


Kalyna Siding, 18 Oktoba

Shemeji yangu,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake.

Barua yako ilifika jana, mafundi wa mjini wameshafungua kabati, mmoja kidole chake kiko kwenye kitufe. Nilikimbia kutoka kwenye mizani nikiipunga. Kukimbia nakuita mimi, walionitazama wana jina lingine. Yule fundi akaisoma, akainua nyusi, akasema, "Inawezekana," akarudi nyuma.

Nikachomoa wa manjano. Doreen akaandika. Swichi ikaita Regina. Kimya. Ikaita tena. Mvua juu ya bati ikasikika kama mtu anamimina ngano polepole mahali pa mbali. Nikaanza kuona tumesimama hapo tangu utotoni. Halafu ikafunguka, tu.

Doreen akaufungulia waya wa saba njia, na namba zikajitokeza moja moja. Kaskazini, chini kabisa, nyuzi sitini na tatu. Tulitoboa upande huo mpaka jioni. Kanola ilitoka inafuka mvuke kama supu, ya katikati imeshakuwa kahawia. Iliyobaki imepona, na namba zinashuka.

Lile la kujiuliza, nisamehe.

Doreen ameweka maneno mapya, wanayo watu wawili, na Regina kumeandikwa majina. Anasema ukitaka nawe upewe, kwa heshima. Nikuandikie?

Shemeji yako,
Marvin


Ziwa Halvorsen, 25 Oktoba

Shemeji Marvin,

Mimi mzima kabisa, hata mgongo umekosa la kusema.

Hakuna la kusamehe. Ningekuwa mimi pale kabatini, ningemshuku Bohdan mapema zaidi.

Tangu nihamie huku, kila usiku niliota zile taa. Ziwa likitulia, naziona chini ya maji, safu za kijani, nami nanyoosha mkono kuhesabu iliyozimika. Sikumwambia mtu. Nilidhani ndivyo wazee wanavyolala.

Neno jipya usiniandikie. Jana nimelala mpaka jua likaingia dirishani, na sikumbuki nimeota nini.

Shemeji yako,
Bohdan