Mchanga wa Bwana Whitcomb

Mtaa wa Doran 418,
Glendale, California.
9 Machi 2023

Mpendwa shangazi Arpine,

Pokea salamu zetu sote. Goti linaendeleaje, na theluji ya huko Gyumri imepungua? Mimi na mama hatujambo, ila yeye bado anagombana na daktari wa macho.

Shangazi, naomba usiwaambie tena majirani kwamba naendesha gari huko kwenye sayari ya Mirihi. Hakuna usukani. Asubuhi tunaandika amri, tunazituma, kisha tunangoja hadi kesho yake kujua kama gari limetii. Kazi iliyobaki ni kumvumilia mkuu wetu, Bwana Whitcomb, mtu aliyepewa cheo kwa ajili ya suti zake.

Mwezi uliopita alitaka gari lipande kilima kabla ya Ijumaa, maana wageni wakubwa walikuwa wanakuja na alitaka kuwaringishia picha ya kileleni. Jumanne nilimwonyesha kwenye ramani kwamba mchanga wa pale ni laini mno; tuzunguke, siku tatu tu.

“Dada Siranush, wewe ungekuwa dereva wa basi, abiria wangeshuka watembee,” akasema.

Watu wakacheka. Dale, mwenzangu wa kazi tuliyepima naye mchanga huo huo, alicheka kuliko wote, kisha akaziandika amri yeye.

Kesho yake picha zikaja: magurudumu matatu yamezama nusu. Ijumaa Whitcomb, uso mkavu, akawaambia wageni, “Tumesimama kidogo kuuchunguza mchanga.” Wakampigia makofi.

Nikaitwa mimi nilikwamue. Siku kumi na moja, shangazi, gari linarudi nyuma upana wa kidole, tunangoja, upana wa kidole tena. Asubuhi moja nilidhani limekufa, nikajifungia chooni nikalia. Hatimaye likakanyaga mwamba. Keki ikakatwa, na aliyeshukuriwa ni Dale.

Juzi Whitcomb akaniletea taarifa yake. Imeandikwa kwamba mchanga ule haukuweza kuonekana mapema.

“Tia sahihi hapo chini, tuyamalize,” akasema.

Nikaandika pembeni: “Ulionekana. Nilikuonyesha Jumanne.” Nikabandika ramani yangu, na nakala nikawapelekea wakubwa wake. Tangu hapo hanisalimii, wala sijapungukiwa na kitu.

Nisalimie binamu Nvard na wanawe, na mzee Hrach. Mungu aijaze heri nyumba yako.

Mwanao akupendaye,
Siranush