Mstari Nilioongeza Kwenye Barua ya Mjomba

Mpendwa Mama Pascalia,

Pokea salamu kutoka Kabras, na ukishazipokea naomba unitoe kwenye shimo nililochimba kwa mdomo wangu mwenyewe, maana safari ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Nina miaka kumi na sita, msichana wa kidato cha tatu. Mimi si mtu wa maneno, nikiulizwa kitu mbele ya watu ulimi unakauka, lakini ukinipa karatasi nitakusomea bila kukwama, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili, na kwa kuwa Baba hakwenda shule, nyumbani wananiita Karani. Hata ukurasa wako huu wa gazeti mimi ndiye humsomea Baba kila Jumapili baada ya kanisa, anakaa na chai yake anasema, "Karani, hebu tusikie leo ni nani amejiharibia," halafu anacheka mpaka anakohoa. Sasa umeona ninachoogopa.

Tangu miwa ilipoingia kwetu na Baba akanunua Pijo, ile ndefu ya viti safu tatu, rangi ya maziwa, kila Agosti tunakwenda Nakuru kwa shangazi Jael, na sijui kitu kitamu maishani kushinda asubuhi hiyo ya kuondoka. Mama anaomba, anaombea kila gurudumu na jina lake, mpaka Baba anasema, "Amina, mama Karani, petroli inaisha tukiwa hapa hapa nyumbani." Tunapita matrekta yanayovuta miwa kwenda kiwandani, harufu ya molasi inaingia madirishani, masizi ya mashamba yaliyochomwa yanatua kwenye nguo zetu nyeupe na Mama anapiga kelele tusiyafute kwa mikono, na mimi nakaa mbele kando ya Baba kwa sababu mimi ndiye macho yake, kila kibao anauliza, "Hapo wameandika nini?" Nasema Webuye, nasema Turbo, nasema Eldoret, tukifika Timboroa baridi inauma masikio na yeye bado anataka nisome, hata kibao cha mtu anayeuza viazi. Mwaka mmoja nilimsomea kibao kinachoonya kona kali, akakipungia mkono akasema, "Asante, mzee." Mdogo wangu Were, ambaye yuko darasa la tano, hulia kutoka nyuma, "Hata mimi najuanga kusoma!" nami namwambia yeye anasoma kama mtu anayepanda mlima na gunia.

Lakini kwangu safari haianzi Webuye, inaanza kwa Kukhu, mama yake Mama, ambaye boma lake liko kando ya barabara kabla hatujafika Malava. Wewe unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, ndiyo heshima, kwa hiyo Baba akifika pale anapunguza mwendo na kugeuza uso upande wa pili kama mtu anayekagua miwa ya jirani, na Kukhu anasimama nyuma ya ua wa msiprosi, sisi tunaona mkono tu juu ya ua, mkono wenye bangili ya shaba, umeshika kuku wa kukausha aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Mama anampokea kuku kupitia dirishani, halafu ule mkono unatupungia mpaka tunapotea. Miaka sita, Mama Pascalia, nimekuwa nikiagwa na mkono.

Mwaka huu Baba amesema tunapita Nakuru tunaenda mpaka Voi, kwa mjomba Masinde, ndugu yake Mama, anayefanya kazi ya reli. Mke wake amejifungua mtoto wa kike wakamwita Namalwa, jina la marehemu mama yake Kukhu. Barua ya mjomba ilipofika Mama alinituma nikamsomee Kukhu, nikasoma yote, mtoto, jina, karibuni nyote mje Agosti, nisalimie mama, wako Masinde. Kukhu akauliza, "Imeisha?"

Ilikuwa imeisha, lakini nikasema bado.

"Mimi mwenyewe hakunialika?"

Macho yake yameanza kuingia ukungu, ananiona kama mtu aliye ndani ya moshi, na sijui nini kilinishika, niliinua ile karatasi tena nikasoma, kwa sauti ile ile ya kusoma, "Na mama yetu naye aje kwa gari la shemeji, amwone Namalwa kabla macho hayajafunga." Mjomba hakuandika hivyo. Hapo palikuwa na karatasi nyeupe tu.

Kukhu akapiga makofi, halafu akasimama ghafla. "Ngoja. Na huyo mkwe wangu atakuwa wapi? Nitaingia gari alilokalia mkwe? Mnataka watu waseme nimepata wazimu uzeeni?" Nikasema, Kukhu usijali, Baba ametafuta dereva mwingine, yeye atatangulia kwa basi. Uongo wa pili, na huu haukuhitaji hata karatasi. Baba hajui lolote, na hajazaliwa mtu atakayeshika usukani wa ile Pijo Baba akiwa hai.

Sasa Kukhu amekausha kuku wawili, amekaanga njugu, amenunua kitambaa kipya cha kichwa, na akina mama wa kanisa lake la Marafiki wamekuja kumwombea safari. Juzi nilipompelekea kuni nilikuta amevua ile bangili anaisugua kwa majivu, akasema ni ya mtoto, akasema, "Nataka nione kama mama yangu amerudi na ile pua yake." Nilitaka kumwambia. Nikamwambia kuni ni za mkaratusi, zitawaka vizuri.

Nikisema ukweli nitamvunja Kukhu na hataniamini tena na karatasi yoyote. Nikinyamaza, Jumamosi hiyo Baba atapunguza mwendo pale uani na badala ya mkono atatokea Kukhu mzima barabarani na mfuko wake, wataonana uso kwa uso, na aibu hiyo kwetu haifutiki kwa kusema pole. Mwaka ujao nina mtihani wa kidato cha nne, sitakwenda popote, hii ndiyo safari yangu ya mwisho kukaa pale mbele, na nimeiharibu kabla injini haijawaka. Nimefikiria hata kujifanya mgonjwa ili safari yote ife. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Karani, Kabras.

—

Karani mwanangu,

Jina lako silijui, na hukuwa na haja ya kulificha. Umeandika Pijo ya rangi ya maziwa, safu tatu, na mjomba wa reli aliye Voi. Kabras imeshakujua kabla chai haijapoa. Basi hilo la siri tuliache, halitakusaidia.

Kwanza nikugombeze. Mtu asiyeweza kusoma akikupa barua yake amekupa macho yake, na bibi huyo hana mengine ya akiba. Wewe ukamwonyesha mstari usiokuwepo. Najua hukumtakia mabaya. Ulishindwa kuvumilia kumwona amesahauliwa, na mimi pia nilipofika hapo nilivua miwani nikaifuta. Lakini huruma yako ndiyo inayompeleka kusimama barabarani na mfuko. Na huo ugonjwa wa kujifanya, uache. Unataka uongo wa tatu uwauguze wale wawili?

Sasa panguza uso, usikilize.

Leo hii mwambie mama yako. Mfuate jikoni akiwa anasonga obusuma, maana mtu aliyeshika mwiko hawezi kukukimbia. Atafoka, mwache afoke. Miaka sita amepokea kuku dirishani kutoka kwa mama yake mzazi na gari halijawahi kuzimwa. Unadhani ni wewe peke yako uliyetamani lisimame?

Halafu rudi kwa Kukhu na barua ile ile. Isome mpaka inapoishia, na ikiisha, sema imeisha. Ndipo uombe msamaha. Akikaa kimya, kaa naye. Usianze tena habari za mkaratusi.

Dereva mwingine usimtafute. Hata angepatikana, mkwe na mkwe ndani ya bati moja mpaka Voi, mtaning'iniza shuka katikati? Webuye kuna stesheni, na una mjomba wa reli. Mama yako aende posta ya Malava apige simu, na huyo Masinde amwalike mama yake kwa kinywa chake. Nina neno naye pia: ulimpa mtoto jina la bibi yako, ukakosa mstari mmoja wa kumwita mama yako? Na baba yenu akifika Voi alazwe kwa jirani. Masinde amezaliwa ndani ya desturi hiyo, atajua la kufanya.

Bibi mwenye ukungu machoni hapandi treni peke yake. Utakwenda naye wewe. Najua ninachokunyang'anya: kile kiti cha mbele, Timboroa, na mzee anayevishukuru vibao. Mpe Were. Atasoma kama mtu mwenye gunia, na baba yako atapunguza mwendo ili amsubiri. Wewe utakaa dirishani na Kukhu, umsomee kila stesheni kama ilivyoandikwa, na mkono ule ulioujua juu ya ua utakuwa umeushika.

Limebaki la baba. Mambo ya mama mkwe, binti hamkalishi baba yake kitako akamwambia. Lakini Jumapili atakaa na chai yake aseme, "Hebu tusikie ni nani amejiharibia." Msomee. Barua yako yote, na jibu langu lote. Usiruke mstari, usiongeze mstari.

Na wewe mzee unayesomewa, shikamoo. Kikombe kiweke chini. Aliyejiharibia leo ni huyu aliyekaa mbele yako, na amejiharibia kwa kumpenda mtu ambaye wewe umemheshimu miaka sita kwa kumgeuzia uso, huku ukila kuku wake kila safari. Kumwona mkweo hakuruhusiwi, hilo sote tunalijua. Kumkatia tiketi ya treni hakuna mzee yeyote aliyekukataza.

Imeisha, Karani. Kunja gazeti, ungojee aseme.

Mama Pascalia