Kwa Mama Natalina, Aliyetuchekesha Herufi kwa Herufi

Mama, mwaka umetimia tangu tukurudishe kutoka hospitali ya Arua ukiwa umelala nyuma ya gari, tukakuzika hapa Ludara. Bado asubuhi tunasikiliza kama umeshaanza kugombana na jogoo. Tumekukosa sana. Lakini hatuandiki kulalamika. Tunaandika kukupa habari za darasa lako, ambalo wengi walidhani tutalizika pamoja nawe.

Tuliporudi kutoka uhamishoni Zaire, mwaka 1986, hapakuwa na shule wala kitabu. Ukaomba banda la kanisa, ukapaka ubao weusi wa betri kuukuu, ukaita wakubwa na wadogo, Waislamu na Wakristo, wajifunze kusoma wasije wakadanganywa sokoni Oraba. Kila herufi uliitakia sentensi yake, na sentensi itoke kwa watu waliokaa pale pale. B ikawa: Beberu wa Baba Bosco alibomoa banda. K ikawa: Kiden alikaanga karanga kumi kwa kuku kumi. Mama mdogo Kiden alibisha kwamba karanga zilikuwa nyingi zaidi, lakini alicheka.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Mwenye jina acheke kwanza. Asipocheka, unafuta.

Loku hakucheka. Mwaka 1979, tulipokuwa tunakimbia vita kwenda Zaire, yeye alikuwa askari, na ndiye aliyeachiwa kulinda lori lililoharibika njiani likiwa na vyombo vyetu sote. Alisinzia, vyombo vikaibwa. Sasa darasa lilipofika L, Medina, ambaye sufuria zake zilipotelea humo, akatunga: Loku alilala, lori likaliwa. Loku akainuka, akaenda zake. Ukafuta. Wiki iliyofuata tukamwona amesimama karibu na ubao.

"Mwalimu, rudisha ile maneno," alisema. "Lakini andika lori ndiyo ililala kwanza, mimi nyuma."

Ukaandika: Lori lililala, Loku akalala. Alicheka yeye, akacheka na Medina. Tangu hapo walikaa benchi moja.

Ulipofariki, katekista Paulino alisema mwalimu akienda darasa nalo limekwenda, banda la kanisa atalifanya stoo ya mifuko yake ya saruji. Tukamwambia asubiri. Binti yako Viktoria akashika chaki. Tulianza vibaya, tukubali: tulileta kitabu kutoka Arua, chenye sentensi za watu tusiowajua, kila mmoja msafi na mwema. Hakuna aliyecheka. Mabenchi yakabaki matupu na Paulino akaanza kupima sakafu kwa miguu. Basi tukakifungia kitabu sandukuni, tukarudi kwenye A kwa njia yako, na watu wakarudi mmoja mmoja. Saruji ya Paulino iko nyumbani kwake mpaka leo.

Juzi tukafika N. Wote tulijua ni jina gani linakuja, lakini sheria ni sheria na wewe huwezi tena kucheka. Viktoria machozi yakamtoka. Akasema N tuiruke tu.

"Haturuki," alisema Loku kutoka nyuma. "Huyu mama alikuwa nacheka mbele ya watu yote. Andika. Mimi nitacheka kwa ajili yake."

Viktoria akaandika: Natalina akinuna, nunua nanasi. Loku akacheka kwa sauti, huku anajifuta macho, na banda zima likamfuata. Sentensi yako iko ubaoni, Mama. Kesho tunasoma O.

Wanaokukumbuka ni mumeo Marino, anayekuja darasani siku hizi na kudai amefuata kivuli tu. Wanao Viktoria na Lado. Mdogo wako Rosa Kiden. Wajukuu wako wote. Loku, Medina na darasa zima la Ludara.

Maadamu tunapumua, tutakukumbuka.