Pipa la Maji ya Mvua

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya tisa bila yeye. Magunzi ya mahindi, magunia kumi na mawili: nimechoma, nimesaga, nimechanganya na potasi, nimerudisha tanurini nyuzi mia saba, nimeosha mara sita. Peke yangu! Nilianza na pipa la kuokota na chekeche la kuazima, leo watengeneza betri wanautaka mkaa wangu. Na mke ameondoka kwa sababu ya maji. Maji!

Jumatano, 6 Agosti
Mkemia wa chuoni amepima umeme unaokaa kwenye gramu moja ya mkaa. 121. Mwezi uliopita ilikuwa 212. Wateja hawapokei chini ya 200. Nikamwambia mashine yako mbovu. Akasema, mashine nzima mzee, mkaa wako ndio mgonjwa.
Mezani kuna viti viwili. Nimetoa kimoja nje. Nimekirudisha.

Jumatatu, 11 Agosti
Nyuzi 720 — 118. Potasi zaidi — 109. Magunzi ya mkulima mwingine — 120. Basi magunzi hayana kosa. Nakula wima, sufuria mkononi.

Jumanne, 12 Agosti
Mkemia amepiga simu. Vile vitundu vidogo vya mkaa, humo umeme unamokaa, vimezibwa na chokaa. Unaoshea maji gani? Ya bomba, nikasema, maji ni maji. Akauliza taratibu: na yule mama aliyekuwa akiosha, naye alichota bombani?
Nikatoka nje, simu sikioni.
Pipa la bluu nyuma ya karakana. Miaka minne amekinga maji ya mvua humo, akalifunika shuka, akalifunga kamba. Mimi nikambandika jina: Waziri wa Maji. Wateja wakacheka, nikaongeza. Mgeni akiuliza huyu nani, nasema ananisaidia kuosha. Ananisaidia! Siku ile nikaosha pikipiki kwa pipa zima, lita mia mbili, kiangazi hiki. Akauliza, umemaliza yote? Nikasema, si maji tu hayo. Hakupiga kelele hata kidogo. Akatundika aproni msumarini, akaenda kwa dada yake.
Aproni bado ipo. Naipita kwa ubavu.

Ijumaa, 15 Agosti
Mvua hakuna mpaka Oktoba. Nimepata njia: maji ya betri, yale ya duka la vipuri, hayana chumvi wala chokaa, kama ya mvua. Lita arobaini. Muuzaji akauliza, mzee, unaoga nayo? Nikacheka. Cheko la kwanza tangu aondoke, na la kulazimisha.

Jumanne, 19 Agosti
209! Mkemia kapiga makofi. Wateja wamekubali. Sihitaji mtu!
Nimeandika 209 ukutani kwa chaki. Juu yake ipo 212, mwandiko wake, ile mbili yenye mkia mrefu. Nikasimama hapo. Nikalia kama mtoto. Vumbi la mkaa, nilijiambia. Lakini karakana nilikuwa nimeifagia.
Hesabu haitoki. Kama alikuwa wa kuosha tu, shida imekwisha. Mbona haijaisha?

Jumapili, 24 Agosti
Nimekuja kwa dada yake. Nimevaa shati la kwendea harusi za watu. Dada mtu kafungua mlango, kanitazama juu mpaka chini: Karibu shemeji, leo unaosha pikipiki ya nani? Kisha akanipiga methali, ile ya maji yaliyomwagika. Naijua. Siiandiki.
Mke wangu katoka, mikono ina unga. Amekonda, au ni macho yangu. Nikatoa karatasi ya mkemia. Mia mbili na tisa, nikasema, kwa maji ya betri. Akaisoma yote, mpaka sahihi. Akasema, hongera. Mkaa umepona. Sasa umefuata nini?
Nilipanga maneno njia nzima. Yote yakakimbia. Mimi, wa kuhesabu hata punje! Nikasema:
— Bado zinapungua tatu.
Akanitazama. Mdomo ukatikisika, sijui kicheko, sijui kingine. Akauliza, kwa wageni mimi ni nani?
Nikafungua kinywa. Nikachelewa. Sekunde nne hivi, nilizihesabu, laana yangu hiyo. Akageuka, akaingia na karatasi.
Mlango hakuufunga. Wala hakusema karibu. Nimekaa kwenye ngazi, naandika juu ya goti. Jibu ninalo sasa, zima, maneno matatu tu: mwenye mkaa huu. Ndani dada mtu anasema mwache aende. Nasikia karatasi inakunjuliwa tena —